Kutoka Valley Road hadi Accra: mwanamke wa Afrika Mashariki katika tenisi ya kulipwa

Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra, Angella Okutoyi wa Kenya alimshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri na kutwaa dhahabu ya tenisi ya wanawake, mchezaji mmoja mmoja. Alikuwa na miaka 20. Mkenya wa mwisho kabla yake kuvaa dhahabu ya tenisi katika michezo hiyo alikuwa Jane Davies-Doxzon, Algiers, mwaka 1978. Ushindi wa Accra ulikuwa na zawadi ya ziada, nafasi katika Olimpiki ya Paris, lakini kwa sharti: bingwa awe ndani ya 400 bora wa dunia ifikapo Juni. Okutoyi hakufika huko. Tenisi ya Olimpiki ikachezwa Roland Garros bila bingwa wa Afrika Mashariki.

Mwaka uliofuata, kwenye viwanja hivyohivyo, Mfaransa Loïs Boisson aliingia mashindano ya wazi ya Ufaransa akiwa wa 361 duniani. Nafasi hiyo haikutosha kumwingiza kwenye ratiba, ila waandaaji walimpa mwaliko maalumu, kama wanavyowapa wachezaji wa kwao kila mwaka. Akamtoa Jessica Pegula, wa tatu duniani, kisha Mirra Andreeva, wa sita, na hakusimama mpaka nusu fainali mbele ya Coco Gauff. Simpunguzii Boisson sifa hata chembe. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amechanika kano ya goti. Ninachosema ni kwamba tenisi ina milango ya pembeni, na funguo zake ziko mikononi mwa nchi zenye mashindano makubwa.

Malipo ya wachezaji wa tenisi yalianza kwa ugomvi, na aliyeuanzisha kwa wanawake ni Mfaransa mwingine. Suzanne Lenglen, bingwa wa Wimbledon mara sita kati ya 1919 na 1925, alijaza majukwaa miaka mingi huku mapato yakienda kwa waandaaji na yeye akiitwa mchezaji wa ridhaa. Mwaka 1926 akakubali dola 50,000 za promota C. C. Pyle, akazunguka Marekani akicheza na Mary K. Browne, akishinda usiku baada ya usiku. Wakubwa wa mchezo walimlaani. Wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa Wimbledon mpaka 1968, miaka 30 tangu Lenglen afariki.

Huku kwetu ugomvi huo haukufika, kwa sababu wanawake Waafrika hawakuwa uwanjani. Tenisi ililetwa na maofisa na walowezi, ikafungiwa ndani ya klabu zao, Nairobi, Dar es Salaam na penginepo. Mwafrika aliingia kuokota mipira na kufagia. Wenyewe walipoondoka, viwanja vilibaki na ada za uanachama zikabaki pia.

Okutoyi aliingia kwa njia ya wafanyakazi. Alizaliwa Januari 2004, pacha, na mama yao alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Bibi yao aliwalea katika makazi ya watumishi wa shule ya Loreto Convent, Valley Road, Nairobi, alikokuwa akifanya kazi. Shule ilikuwa na uwanja wa tenisi, na mtoto alianza kushika raketi akiwa na miaka minne. Hakuna mpango wa taifa uliomtafuta. Uwanja ulikuwa karibu na chumba alicholala, basi. Baadaye alipitia kituo cha Shirikisho la Tenisi Duniani kilichokuwa Bujumbura.

Mwaka 2021 alishinda ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia, ukampeleka kwenye mashindano ya wazi ya Australia, Melbourne, Januari 2022. Huko akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika Grand Slam ya vijana, na hakuishia kwenye mmoja. Julai hiyo, Wimbledon, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili. Seti ya kwanza waliipoteza 3–6, ya pili wakaichukua 6–4, na mchezo wa kuamua ukaisha 11–9. Pointi mbili tu zilitenganisha historia na safari ya kurudi mikono mitupu.

Baada ya ujana ndipo penye shida. Ngazi ya chini ya tenisi ya kulipwa ni mashindano ambayo mfuko wake mzima wa zawadi ni dola 15,000. Bingwa huondoka na dola elfu mbili na ushei. Mengi hufanyika Tunisia, Misri, Uturuki na Ulaya. Binti wa Ufaransa hupanda treni. Binti wa Nairobi hulipa ndege, viza na hoteli kabla hajapiga mpira, na akitolewa raundi ya kwanza amepata hasara wiki nzima. Okutoyi alichagua Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, ambako kuna kocha, viwanja na masomo. Naona alichagua kwa busara, ingawa muda wa masomo ni muda ambao hakusanyi pointi nyingi.

Hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi katikati ya mji, msichana anayetaka michezo ataona kwanza netiboli na soka. Wala si jambo dogo: mwaka 2023 wasichana wa sekondari ya Fountain Gate ya Dodoma walikwenda Durban wakarudi na ubingwa wa soka wa shule za Afrika. Shule iliwezesha hilo, kama uwanja wa shule ulivyomwezesha Okutoyi. Uso wa viwanja vya Roland Garros, kwa taarifa ya msomaji, ni unga wa tofali za kuchoma uliotandazwa milimita chache tu, na tofali za kuchoma Dodoma tunazo.

Mmoja wa Wakanada wawili waliofungwa na Okutoyi na Nijkamp siku ile ya Wimbledon alikuwa Victoria Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko alimshinda Naomi Osaka katika fainali ya Montreal na kutwaa taji kubwa la wanawake wa kulipwa. Mashindano hayo aliingia kwa mwaliko wa waandaaji wa nyumbani.