Kamba, Vigingi na Pembe Mraba

Nilipojenga ghala langu la kwanza nilikuwa kijana mwenye haraka. Fundi niliyempa kazi aliniaminisha kwamba jicho lake lilitosha kupimia msingi. Kuta zilipofika kwenye lenta ndipo tukagundua kuwa pembe moja ya nyuma haikuwa mraba. Ilizidi kwa nyuzi chache tu. Nyuzi hizo chache zilikula faida yangu ya miezi mingi, kwani bati la mwisho la paa lilianza na upana wa kiganja, likaishia na upana wa mkono mzima. Marehemu baba, aliyeanza maisha kwa useremala, alikuja akatazama, akatamka neno moja la Kigujarati: *kaatkhuno*. Maana yake ni pembe mraba.

Kamati iliponiomba ukurasa wa historia kwa ajili ya kitabu hiki cha maadhimisho, nililikumbuka neno hilo. Shuleni tulifundishwa kwamba pembe mraba ina nyuzi 90, iliyo pungufu ya hapo ni pembe kali, na iliyozidi bila kufikia nyuzi 180 ni pembe butu. Kiswahili kimezipa majina ya kisu. Kigujarati chetu kimezipa majina ya mzigo, *laghukon* na *gurukon*, nyepesi na nzito. Lakini hatukuambiwa kwamba wazee wetu walizichora ardhini zamani sana, wala kwamba walifanya hivyo kwa sababu ya ibada.

Maandiko yanayohusika huitwa Shulba Sutra, na *shulba* kwa Kisanskriti ni kamba. Yanayojulikana zaidi ni manne: ya Baudhayana, Manava, Apastamba na Katyayana. Lile la Baudhayana, linalohesabiwa kuwa kongwe, hukadiriwa kuwa la kati ya miaka ya 800 na 500 kabla ya Kristo. Humo mmewekwa kanuni za kupima madhabahu ya moto. Moto mmoja ulitaka madhabahu ya duara, wa pili ya mraba, wa tatu ya nusu duara, na zote tatu sharti ziwe na eneo lililo sawa. Kipimo kilichokosewa kiliharibu ibada yenyewe, wala hapakuwa na bati la kukata ili kuficha kosa.

Kwanza walitafuta mashariki. Katyayana aeleza kwamba kigingi husimamishwa mahali pa tambarare, kisha huzungushiwa duara kwa kamba. Ncha ya kivuli hugusa duara hilo asubuhi, na hugusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ndio mashariki na magharibi.

Juu ya mstari huo walipima uwanja wa ibada ya Soma, uitwao Mahavedi, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi. Vigingi viwili husimamishwa, umbali wa hatua 36 baina yao. Kamba ya urefu wa hatua 54 hufungwa ncha zake katika vigingi hivyo, ikiwa imetiwa alama penye hatua 15 kutoka kigingi cha magharibi. Mtu hushika alama hiyo akaivuta kuelekea kusini mpaka pande zote mbili za kamba zikaze. Upande mmoja una hatua 15, wa pili 39, na pembe iliyopo kwenye kigingi cha magharibi hutokea mraba kamili. Msomaji mwenye kalamu na ajaribu: 15 mara 15, ongeza 36 mara 36, hupati zaidi wala pungufu ya 39 mara 39.

Kazi hiyo hurudiwa kaskazini, kisha kamba hugeuzwa na kuvutwa kutoka kigingi cha mashariki, ila huko hukatwa penye hatua 12. Kwa hiyo uwanja una upana wa hatua 30 magharibi na 24 mashariki. Pembe zake mbili za magharibi ni kali, za kadiri ya nyuzi 85. Mbili za mashariki ni butu, za kadiri ya 95. Zote nne zimezaliwa na pembe mraba. Nyuzi zenyewe hazimo katika maandiko hayo; kuligawa duara katika sehemu 360 ni urithi wa Babeli.

Na nisije nikadaiwa kupiga chuku kwa kuwa tuko kwenye sherehe. Vipimo vya namna hii vilijulikana Babeli kabla yetu. Kipo kibao cha udongo cha huko, cha karibu mwaka 1800 kabla ya Kristo, kinachohifadhiwa leo New York. Baudhayana naye alitaja kanuni bila kuitolea uthibitisho. Nami sioni aibu katika hayo.

Tulipopanua jiko la mandiri yetu nilisimama uwanjani tangu alfajiri, maana lile ghala lilinifunza. Fundi, kijana mpole, alichukua kamba akapima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili, akanishikisha ncha ya meta 5. Nikamwuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Kwa mjomba, mzee wangu." Tulipopima mishazari miwili ya msingi, ilipishana kwa sentimeta moja. Hakusema kitu, aling'oa kigingi kimoja, akakipigilia upya.