Panzi: Sadaka ilivyojenga hospitali, na pale ilipogota mwamba

Januari 2013 watu walijipanga kandokando ya barabara, kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kumpokea Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi. Oktoba 2012 watu wenye silaha walikuwa wamemvamia nyumbani, wakamuua mlinzi wake, naye akakimbilia Ulaya na jamaa yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliandika barua kwa Rais Kabila na kwa Umoja wa Mataifa, wakiomba arudi na alindwe. Hawakujibiwa. Basi wakauza mananasi na vitunguu, wakachanga kidogo kidogo wamkatie tiketi, na wakaahidi kumlinda wao wenyewe kwa zamu. Wengi wao hawakuwa wakipata hata dola moja kwa siku.

Kisa hiki husimuliwa kwa kuwasifu akina mama, na sifa ni haki yao. Ila tujiulize pia: kumlinda raia ni kazi ya nani, hata iwaangukie wauza mananasi?

Panzi yenyewe, katika komini ya Ibanda, imesimama kwa michango tangu siku ya kwanza. Mukwege alikuwa mganga mkuu wa Lemera, hospitali ya misheni ya Wapentekoste kwenye milima ya Uvira. Oktoba 6, 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi zaidi ya 30 wakauawa, baadhi wakiwa vitandani. Mganga akaanza upya Bukavu, chini ya mahema, ili akina mama wasife wakijifungua. Vita vya 1998 vikafagia kila kitu. Mwaka 1999, kwa fedha za Wapentekoste wa Uswidi na chini ya kanisa la CEPAC, Panzi ikafunguliwa. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua: alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi.

Kuanzia hapo hospitali ya uzazi ikageuka kimbilio. Waliobakwa wakatibiwa bila kulipa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na za wafadhili wengine. Panzi ikajifunza kwamba kushona kidonda peke yake hakutoshi, ikaongeza ushauri wa kisaikolojia, mafunzo ya kazi na wanasheria. Februari 2011 kikafunguliwa kituo cha Cité de la Joie, anakoongoza Christine Schuler Deschryver, ambako wanawake wapatao 90 hukaa miezi sita wakisoma na kujijenga upya. Mwaka 2018 Mukwege akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Sasa twende Kavumu, kilomita kama 30 kutoka mjini. Kuanzia 2013 wasichana wadogo, wengine hata hawajaanza shule, walikuwa wakiibwa usiku nyumbani kwao, wakibakwa na kuachwa shambani au porini. Walifikishwa Panzi mmoja baada ya mwingine. Waganga walipasua, walishona, waliandika ripoti. Wasichana wakazidi kuja. Jumla walikuwa karibu 40, na hakuna fundi wa upasuaji duniani, hata mwenye Nobel, ambaye angewapunguza.

Kilichowapunguza ni pingu. Juni 2016 alikamatwa Frederic Batumike, mbunge wa jimbo la Kivu ya Kusini aliyekuwa na kundi lake la wanamgambo, pamoja na watu wake. Ubakaji ule ukakoma. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyokaa palepale Kavumu, ikawahukumu Batumike na wenzake kumi kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tusiwe wachoyo wa shukrani: maandishi ya waganga wa Panzi yalikuwa sehemu ya ushahidi. Lakini kukamata mtu ni mamlaka ya dola, na dola ilichukua miaka mitatu kuyatumia. Mahakama iliamuru wasichana walipwe fidia, ila ikakataa kuiwajibisha serikali.

Mukwege mwenyewe amerudia mara nyingi kwamba tiba ya maovu haya haiko katika chumba cha upasuaji. Mwaka 2023 akagombea urais. Dhamana ya ugombea, safari hii tena, ilichangwa na wanawake. Alipata chini ya asilimia moja ya kura.

Desemba 2022 serikali ya Kinshasa ilipitisha sheria ya fidia kwa waliobakwa vitani na wahanga wa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na hazina yake, FONAREV, hupata sehemu ya mrabaha wa madini. Februari 2025 waasi wa M23 waliiteka Kavumu, kisha Bukavu. Mapema mwaka huohuo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake. Mfadhili akijitoa, hakuna mahakama ya kumshitaki. Serikali inayo sheria iliyoitunga yenyewe, na wasichana wa Kavumu wamo ndani yake. Iwalipe.