Hasira Iliyokosa pa Kwenda

Zamani, huko Unyakyusa, mtoto wa kiume alipofika miaka kumi au kumi na mmoja alihama kwa baba yake. Hakwenda mbali. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda pembeni ya kijiji cha wazazi, wakawa wanalala huko. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao, na walipokua kidogo walilima mashamba ya baba zao. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa kikundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mvulana aliyerudi nyumbani kila siku kula peke yake, baba yake mwenyewe alimwona hana akili. Miaka ikapita, vibanda vikawa nyumba, wavulana wakaoa, na kijiji cha watoto kikawa kijiji kamili cha watu wa rika moja. Mara moja katika kila kizazi, kina baba waliwakabidhi watoto wao madaraka katika sherehe iliyoitwa ubusoka.

Habari hizi ziliandikwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliendelea kuandika, na mwaka 1951 akachapisha kitabu chake juu ya vijiji vya rika, Good Company. Nilikisoma katika mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Mama yangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu na baba yangu ni Mhehe wa Kalenga, kwa hiyo nilikuwa nausoma upande mmoja wa ukoo wangu kwa Kiingereza cha mama mmoja wa Afrika Kusini.

Jina la kitabu hicho linatokana na neno la Kinyakyusa, ukwangala. Maana yake ni raha ya kuwa na wenzako: kula pamoja, kupiga soga, kuzoeana, kujua adabu ya kukaa na watu. Wazee waliomsimulia Monica waliiona ukwangala kama shule. Mtu hujifunza hekima kwa kukaa na wenzake, na anayejitenga hubaki mjinga hata akiwa na ng'ombe wengi.

Wakati nakisoma kitabu hicho, darasani tulikuwa tunasoma jaribio moja maarufu la saikolojia ya jamii. Mwaka 1954, Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa miaka kumi na mmoja hivi, wakawapeleka kambini katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Waliwagawa makundi mawili, wakawashindanisha kwa zawadi. Baada ya siku chache makundi yale yalikuwa yanatukanana, yanachomeana bendera na kuvamiana vyumbani. Kuwakutanisha tu, kwa mfano wakati wa chakula, hakukusaidia, walirushiana vyakula. Kilichosaidia ni shida za pamoja: maji ya kambi yalipokatika, ilibidi wote watafute tatizo liko wapi.

Wavulana wa umri uleule, Rungwe na Oklahoma. Tofauti ni kwamba wa Rungwe hawakuwa kambini kwa wiki tatu. Walikuwa wanajenga kijiji ambacho wangeishi humo mpaka uzeeni. Jirani aliyekuudhi ukiwa na miaka kumi na mbili ndiye angechimba kaburi la baba yako ukiwa na arobaini. Ukiishi na watu kwa muda huo wote, ugomvi lazima utokee. Nilitaka kujua walifanyaje ulipotokea.

Jibu nililikuta katika kitu kilichoitwa imbepo sya bandu, pumzi ya watu. Wanyakyusa waliamini kwamba jirani zako wakikuchukia kwa haki, manung'uniko yao yanakuwa kama upepo wa baridi unaokuingia mwilini. Unaugua, au mtoto wako anaugua, au ng'ombe anakauka maziwa. Makosa yanayoleta pumzi hiyo yalijulikana: kuchinja bila kugawa nyama, kumdharau mzazi, kumtukana mkwe. Hata mtemi hakusalimika. Akiwaonea watu wake, pumzi yao ilimfikia.

Dawa yake ilikuwa kusema. Aliyeugua alitafuta ni nani amekasirika na kwa nini, kisha akaomba radhi, mara nyingi kwa kuchinja ng'ombe na kuwaalika. Nao walipaswa kutamka waziwazi kwamba ndiyo, tulikasirika, tulinung'unika, sasa basi. Katika matambiko ya ukoo mambo yalikuwa hivyohivyo. Ndugu wenye ugomvi walitakiwa kuutaja kabla ya maombi, kwa sababu maombi ya mtu mwenye kinyongo moyoni yalihesabika bure. Baada ya kusema, walipuliza maji kutoka mdomoni, ishara ya kuitoa hasira nje. Kwa imani hiyo hasira yenyewe haikuwa kosa. Hatari ilikuwa hasira iliyokaa ndani, na ndiyo ilipewa siku yake, maneno yake na mashahidi wake.

Sitaki kuyapamba mambo haya. Pumzi ya watu ilikuwa na ndugu yake mbaya, uchawi, na mpaka kati ya hivyo viwili ulichorwa na wenye nguvu. Aliyeshukiwa aliweza kunyweshwa mwavi, kufukuzwa kijijini, kupoteza kila kitu. Mtu aliyefanikiwa kuliko wenzake aliishi kwa hofu, na wanawake, walioolewa katika vijiji vya waume zao, hawakuwa na rika lao la kuwasemea kama wanaume walivyokuwa nalo. Wasomi waliokuja baadaye, kama Simon Charsley, pia walisema picha ya Wilson ya vijiji vya rika imenyooka mno kuliko maisha yenyewe. Kahawa, safari za kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, na uhaba wa ardhi vilikuwa vimeanza kuvivunja vijiji hivyo hata kabla kitabu hakijatoka. Lakini jambo moja linabaki: watu hawa walikuwa na utaratibu wa kuitoa hasira hadharani, na utaratibu huo uliweza kumfikia hata aliye juu.

Upande wa baba yangu tatizo lilikuwa jingine. Huko hasira haikuwa ya jirani kwa jirani, ilikuwa ya kabila kwa kabila. Kati ya 1878 na 1882 hivi, Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali. Vilianza enzi za Munyigumba na kumalizikia kwa mwanawe, Mkwawa, yuleyule ambaye baadaye, mwaka 1891, angelipiga jeshi la Wajerumani pale Lugalo. Wahehe na Wangoni hawakushindana kabisa. Kila upande uliua na kuuawa, kila upande ulibeba mateka, halafu wakaachana.

Leo Mhehe na Mngoni ni watani. Mngoni akimkuta Mhehe stendi ya Ipogolo anaweza kumwuliza amekula mbwa wangapi wiki hii, na Mhehe akamjibu kwamba amemkosa mmoja tu, yule aliyetoroka kwenda Songea. Hakuna anayekasirika, au tuseme hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Hiyo ndiyo sheria kubwa ya utani. Kwenye msiba sheria hiyo inafika mbali zaidi: mtani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe fedha, akamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, akawachekesha wafiwa wakati wa kulia. Na mtani huyohuyo ana wajibu. Anachimba, anapika, anabeba, anazika.

Miaka ya 1940 mtu mmoja aliyeitwa Reginald Moreau aliandika makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege, na aliishi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Aliuliza watu wa makabila mbalimbali wanataniana na nani na kwa nini, na jibu lililorudi mara kwa mara lilikuwa vita: tulipigana nao. Karibu wakati huohuo, mwaka 1940, A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwamba utani ni urafiki na uadui vikiwa vimefungwa pamoja, kila kimoja kikikizuia kingine kisizidi.

Utani haukufanya Wahehe na Wangoni wasahau. Mtu anayekuita mateka wa babu yake anakumbuka vizuri sana. Kilichobadilika ni mahali kumbukumbu inapokaa. Imetolewa kwenye mkuki ikawekwa mdomoni, na mdomo ukapewa mipaka. Na kama kule Rungwe, matusi yanakwenda pande zote mbili. Anayetania lazima akubali kutaniwa. Mtani mkubwa na mtani mdogo hawapo.

Sasa twende Ismani.

Ismani iko kaskazini ya mji wa Iringa, kwenye barabara ya Dodoma. Katika miaka ya 1950 watu wa sehemu mbalimbali walihamia huko kulima mahindi, na wengine wao wakawa wakulima wakubwa wenye matrekta na vibarua. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967 na siasa ya vijiji vya ujamaa, Ismani ilionekana kuwa kinyume chake kabisa: ardhi nyingi mikononi mwa wachache. Mwaka 1971 mkuu wa mkoa wa Iringa alikuwa Dk. Wilbert Klerruu, msomi wa shahada ya uzamivu, kijana, mwenye imani kubwa na ujamaa na haraka ya kuuona. Aliusukuma kwa nguvu.

Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Klerruu alikwenda kwenye shamba la mkulima aliyeitwa Said Mwamwindi. Walijibizana. Mwamwindi akampiga risasi akamuua, kisha akaupeleka mwili mwenyewe mpaka polisi mjini Iringa. Mahakamani utetezi ulizungumzia kuchokozwa na hali yake ya akili. Mwaka 1972 alihukumiwa kifo, na akanyongwa.

Mjini Iringa kuna chuo cha ualimu kinachoitwa Kleruu. Hadithi yenyewe nimeisikia vijiweni kwa namna mbili. Katika moja, kabaila amemuua mtumishi wa wanyonge. Katika nyingine, mkulima aliyedhalilishwa kwenye ardhi yake amefika mwisho wa uvumilivu. Wanaosimulia ya kwanza na wanaosimulia ya pili hukubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba hasira ilikuwepo Ismani muda mrefu kabla ya siku ile.

Jambo linaloniumiza kichwa ni kwamba mwaka huohuo, Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo. Waraka huo ulikataza viongozi kuwa na majivuno, kuwadharau watu na kuwaonea. Kwa hiyo chama kilikuwa kimeliona tatizo, na kilikuwa kimelitaja kwa maandishi. Ila Mwongozo ulimwambia kiongozi namna ya kuenenda. Haukumpa mkulima wa Ismani mahali pa kwenda kusema "nimekasirika" na kusikilizwa na yule anayemkasirisha. Mkutano wa hadhara ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kupokea maelekezo. Mkuu wa mkoa hakuwa jirani wa kufikiwa na pumzi ya watu, wala hakuwa mtani. Hasira ilikwenda upande mmoja, kutoka juu kuja chini, mpaka siku iliporudi kwa bunduki.

Sisemi kwamba tambiko au mzaha vingemwokoa Klerruu, au vingemwokoa Mwamwindi. Ugomvi wao ulikuwa wa ardhi na mamlaka, na ugomvi wa ardhi hauishi kwa kupuliza maji. Najua hilo kutoka nyumbani. Wajomba zangu wawili hawajasemeshana kwa miaka sita kwa sababu ya mpaka wa shamba aliloacha babu. Mmoja ametoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mara tatu na kurudishwa mara tatu. Mwaka juzi, kwenye arobaini ya shangazi, bibi alikataa mchungaji asianze sala mpaka kila mmoja aseme yaliyomo moyoni mwake. Mjomba mkubwa akasema. Mdogo akasema nusu, akanyanyuka akatoka nje. Mpaka haukutatuliwa na mpaka leo haujatatuliwa. Lakini tuligundua kwamba mdogo hadai shamba lote, kama tulivyokuwa tukiambiana. Anadai mstari mmoja wa migomba aliyoipanda mwenyewe akiwa kijana. Kwa miaka minne ukoo mzima ulikuwa unagombana na dai ambalo halikuwepo.

Kusema kunafanya hivyo. Hakumalizi mgogoro, ila kunauonyesha ukubwa wake halisi. Wavulana wa Oklahoma walihitaji tatizo la maji ili waache kuwaziana mabaya. Watu wa nyanda hizi walijaribu kujenga utaratibu wa kudumu, usiosubiri bomba likatike.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuingia, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nimehudhuria kadhaa nikikusanya taarifa za utafiti wangu, Iringa na Rungwe. Katika mingine mtendaji anasoma taarifa, watu wanapiga makofi, mkutano unafungwa. Katika mingine mama mmoja anasimama na kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi, na mwenyekiti anabaki amekaa pale, mbele ya jirani zake, mpaka ajibu. Siku hizi nikifika kijijini jambo la kwanza ninaloandika kwenye daftari ni aina ipi ya mkutano niliyoikuta.