Mhunzi wa Ufaransa na Majina ya Buha

Kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia Lille hadi Normandie, majina Lefebvre na Lefèvre yamejaa kila mahali. Maana yake ni mhunzi. Ukishuka kusini mhunzi huyohuyo anaitwa Fabre au Faure, huko Savoie ni Favre, Bretagne ni Le Goff, na Alsace, ambako Kijerumani kilitawala vinywa vya watu, ni Schmitt. Neno fèvre lenyewe, lililotokana na faber ya Kilatini, limekwishatoka katika Kifaransa cha kila siku. Mhunzi sasa ni forgeron. Mwalimu, dereva na karani wa benki wa leo wanaitwa Mhunzi kwa neno ambalo hawalitumii kamwe wanapotaja uhunzi.

Nyanda za juu za Kigoma, yaani Buha, nchi ya Waha, nazo zilikuwa na wahunzi. Katika tawala za Muhambwe, ambako leo ni Kibondo, na Heru, upande wa Kasulu, hapakuwa na shamba bila jembe wala jembe bila mtu wa kulifua. Katika ukanda huu wote wa maziwa makuu nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Hazina ya watawala wa Karagwe, jirani wa kaskazini, ilihifadhi nyundo na fuawe za chuma. Mhunzi wa hapa hakuwa mtu duni kuliko yule wa Normandie. Hata hivyo, ukipita na daftari la shule kutoka Kifura hadi Heru Juu, hutakuta nusu ya darasa ikiitwa Mhunzi kwa sababu babu wa babu yao alivuta mivukuto.

Kwa nini? Wapo wanaojibu kwamba sisi hatukuwa na maandishi. Jibu hilo lina ukweli, ila linaruka hatua ya kwanza. Ufaransa ya karne ya 12 ilikuwa na uhaba wa majina. Kanisa lilibatiza kwa majina ya watakatifu na wafalme wachache, na kijiji kimoja kikawa na akina Jean na Guillaume wasiohesabika. Ilibidi watu waongeze alama: Jean wa mtoni, Jean mfupi, Jean mhunzi. Mhunzi alikuwa alama nzuri kuliko zote kwa sababu kijiji kilikuwa naye mmoja au wawili tu, na kila mwenye farasi au jembe alimjua alipo.

Uarabuni jambo hilo lilipita njia hiyohiyo. Ratibu ya Haddad, inayosomwa misikitini kuanzia Lamu hadi Ujiji, imepewa jina la Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut, aliyeishi kati ya 1634 na 1720. Haddad ni mhunzi, lakini ukoo huu ni wa masharifu. Masimulizi yao yanasema kwamba babu yao Ahmad alipenda kuketi kwenye kibanda cha mhunzi mjini Tarim. Kwa kuwa akina Ahmad walikuwa wengi, watu wakamtofautisha kwa kumwita Ahmad wa mhunzi. Jina la kazi likawafikia hata watu ambao hawakuwahi kushika nyundo, nalo halijawatoka hadi leo.

Buha na Burundi hazikuwa na uhaba huo. Hapa jina hutungwa, na kila mtoto hupewa lake. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, anayewafuata Ciza. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi. Ndayizeye ni sentensi nzima ya mtu anayesema kwamba anamtumaini Mungu. Mengine yanawasemesha majirani kuliko mtoto: jina Nsanzugwanko, ambalo wapigakura wa Kasulu wamelizoea kwa sababu ya aliyekuwa mbunge wao, linasema kwamba mwenye nalo ameikuta chuki tayari ipo. Mzazi aliyemwita mwanawe hivyo alikuwa na ujumbe wa kufikisha, na ulifika kila mara mtoto alipoitwa kuja kula. Watu wenye utajiri huu wa majina wana haja gani ya kuongeza "mhunzi" ili wasichanganye mtu na mtu? Ukoo nao ulikuwa na mahali pake. Abajiji walijuana kuwa Abajiji, na Abahanza kuwa Abahanza, kwa kuulizana walikotoka na kwa miiko ya ndoa, bila jina la ukoo kubandikwa mgongoni mwa kila mtoto. Jina la kurithiwa lilikuwa la kiti cha enzi tu. Burundi ilizungusha Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa kwa wafalme wake, na Heru nayo ilikuwa na akina Ntare wake, hadi kwa Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeitawala katika miaka ya mwisho ya ukoloni.

Baada ya hapo ndipo maandishi yanaingia, nayo yana nguvu kweli. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliwataka mapadri wa Ufaransa kutunza daftari za ubatizo. Mwaka 1794, katikati ya mapinduzi, sheria ilimkataza raia kutumia jina lolote tofauti na lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Tangu hapo mtoto wa mhunzi akiwa mshonaji alibaki Mhunzi, apende asipende. Hata ile b iliyo katikati ya Lefebvre haitamkwi; waliiweka makarani waliotaka jina lifanane na faber waliyoisoma katika Kilatini. Herufi moja ya karani imedumu kuliko mivukuto yote ya wahunzi hao.

Safari zikalipinda zaidi. Mfalme Louis wa 14 alipoifuta haki ya Waprotestanti mwaka 1685, Wahugeno walitawanyika, na wengine wakafika Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1688. Ndiyo sababu Afrika Kusini ina akina Joubert, Du Toit na Marais wasiojua Kifaransa. Ndugu wawili wa ukoo wa LeFevre walikuwa wamekwishatangulia Marekani, na ni miongoni mwa waanzilishi wa New Paltz, katika New York, mwishoni mwa miaka ya 1670. Kisa cha wale wa Kanada ndicho kinachonigusa. Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Quebec, wengi wakienda kwenye viwanda vya nguo vya New England. Huko baadhi ya akina Lefebvre waligeuzwa Bean, yaani haragwe, kwa sababu jina lao lilisikika kama fève, haragwe, pasipo na haragwe. Mhunzi wa miaka mia saba akafutwa kwenye dawati kwa mkato wa kalamu.

Waha wanajua dawati hilo. Kuanzia 1944 ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, ilichukua vijana wengi Kigoma na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Huko mtu aliyetungiwa sentensi na baba yake aliitwa kwa namba, na umma mzima wa vibarua ukapata jina manamba. Hilo lilikuwa jina la kazi kwa maana kamili, na nashukuru kwamba halikupata muda wa kuwa la ukoo.

Walioandikwa zaidi ya wote ni wakimbizi. Warundi walikuja baada ya mauaji ya 1972, wakaja tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na tena mwaka 2015. Kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta, katika Kibondo ya wakati huo, ziliwapokea wengi wa waliokuja tangu 1993, na Nyarugusu ya Kasulu imepokea Wakongo tangu 1996. Wakongo walifika na majina yaliyokwishapitia kalamu ya dola, kwani mwaka 1972 Mobutu aliyapiga marufuku majina ya kigeni ya ubatizo na kudai ya mababu. Mrundi alifika na familia ambayo karatasi haikuielewa. Chukua mfano: baba ni Ndayizeye, mama Niyonkuru, watoto ni Bukuru, Butoyi na Ciza. Kwa mzee yeyote wa Kibondo, majina ya watoto yanatosha kuonyesha kwamba ni wa tumbo moja na kwamba wamefuatana. Kwa fomu ya kuhamishiwa Marekani, Kanada au Australia, hao ni watu watano wasio na uhusiano, na familia inatakiwa ithibitishe jambo ambalo majina yenyewe yamekwishalisema. Kasoro iko kwenye fomu, iliyotengenezwa kwa kipimo cha akina Lefèvre, na majina ya Kirundi hayana kosa lolote hapo.

Utaratibu wa Tanzania wa majina matatu, la mtu, la baba na la babu, una ubinadamu zaidi, japo familia nyingi sasa zinashikilia moja na kulifanya la ukoo. Nyerere lilikuwa jina la baba yake Julius, na wajukuu wanalo hadi leo. Mwalimu, jina la kazi yake, ambalo nchi nzima ilimwita, hakuna mtoto aliyelirithi. Kwa utaratibu huo, jina la mtu wa Kasulu huonekana kwa mtoto na mjukuu, kisha hutoka kwenye karatasi na kuacha nafasi kwa mwingine.

Kwa waliokwenda ng'ambo halitoki. Mwanamume aliyezaliwa wa nane kambini Kanembwa, akapelekwa Marekani, anaandikwa Minani kama jina la ukoo, na binti yake wa kwanza kuzaliwa huko anakuwa Minani, mtoto wa nane asiye na hata kaka mmoja. Ufaransa ilichukua karne kadhaa kulitenga jina la mhunzi na nyundo yake. Minani limetengwa na hesabu yake katika kizazi kimoja, baba akiwa bado hai na anaweza kuulizwa.