Magomeni Kota: Ghorofa zimepanda, hesabu imebaki 644

Machi 23, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa ya Magomeni Kota, jijini Dar es Salaam: nyumba 644 kwa kaya 644 zilizovunjiwa kota zao za zamani na kuhangaika na kodi za mitaani kwa miaka. Ahadi ya kuwarudisha ilitolewa na Rais John Magufuli mwaka 2016, mwaka uleule mabasi ya mwendokasi yalipoanza kupita Barabara ya Morogoro na kuzidi kulitia thamani eneo hilo.

Haki imetendeka, na wakazi wanastahili pongezi kwa kutokata tamaa. Lakini kwa mji, hesabu ni ileile. Na Magomeni imewahi kupitia hesabu hii.

Mtaa huu ulipangwa na wakoloni miaka ya 1950 kwa ajili ya Waafrika. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi hapa wakati wa kupigania uhuru. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, nalo likaingia kwenye kazi iliyobeba matumaini makubwa: kuvunja nyumba za udongo na makuti Magomeni na Kariakoo, na kujenga za matofali palepale.

Richard Stren, msomi aliyechunguza sera za nyumba Tanzania na kuchapisha kitabu mwaka 1975, alionyesha udhaifu wa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya nyumba mpya ilichukua tu nafasi ya zilizobomolewa. Nyumba ya Kiswahili, aina iliyobomolewa, ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na mara nyingi kila chumba kina familia yake. Mwenye nyumba alipata nyumba mpya. Mpangaji alifunga virago na kwenda kutafuta chumba kwingine. Fedha nyingi zikatumika, watu wakazidi kumiminika mjini, vyumba visiongezeke kwa kasi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango ukaachwa.

Binafsi naona hapo ndipo Dar es Salaam ilipopoteza njia. Badala ya kujiuliza namna ya kwenda juu, ilitandaa. Ukaja mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama, na uboreshaji wa Manzese. Ukafuata Mbagala, Kimara, Bunju. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu 272,821. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Njia ya kwenda juu ipo: sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo imefungua mlango wa mtu kumiliki nyumba ghorofani bila kumiliki kiwanja. Wanaoutumia zaidi ni wenye uwezo, katikati ya mji na Upanga.

Faida ya maghorofa ya Kota ni kwamba yamekalia kipande kidogo cha ardhi kuliko kota za zamani. Ardhi iliyobaki ni ya umma, iko kando ya mwendokasi, na bei yake haitashuka. Serikali isiiachie maduka na maegesho. Ijenge hapo nyumba za kupanga za chumba kimoja na vyumba viwili, kwa kodi ambayo mama lishe na kondakta wanaimudu, na safari hii wapangaji wahesabiwe kabla ya msingi kuchimbwa.