Ramu Yenye Ladha: Ile Vanila Kwenye Glasi Yako Ina Stori Nzito Kuliko Unavyodhani

Ijumaa jioni, Elerai. Kaunta imejaa. Huyu anataka bia ya baridi, yule Konyagi ndogo na tonic, halafu kuna meza ya wadada wanne wameagiza "ile tamu ya nazi", wanachanganya na juisi ya nanasi, picha kwanza kunywa baadaye. Ramu yenye ladha imeshakuwa kinywaji cha mjini. Nazi, vanila, nanasi, viungo, chagua mwenyewe. Na wengi wanaichukulia kama kitu cha juzi juzi, kitu cha Instagram.

Kumbe hapana. Sehemu kubwa ya stori hii imepita kwenye Bahari ya Hindi, hii hii yetu.

Tuanze na ramu yenyewe. Ni pombe ya miwa. Ukishatengeneza sukari inabaki molasi, ule uji mweusi mzito. Karne ya 17, kwenye mashamba ya Barbados na visiwa vya jirani, watu waligundua ukiuchachusha halafu ukautonesha kwa moto unapata kitu kikali sana. Waliolima ile miwa walikuwa watumwa kutoka Afrika Magharibi. Hiyo sehemu inajulikana, shuleni tulisoma wote. Mabaharia wa Uingereza nao wakawa wanapewa ramu kila siku kama posho, wakalewa mpaka mwaka 1740 Admirali Edward Vernon akaamuru ichanganywe na maji. Baadaye ikaongezwa ndimu na sukari. Kali, maji, chachu, tamu. Ukiangalia vizuri, kokteli nyingi za ramu unazokunywa leo bado zinafuata ile hesabu ya melini. Posho yenyewe ilifutwa tarehe 31 Julai 1970, kwa hiyo kuna babu zetu waliokuwa watu wazima kabisa wakati wanajeshi wa majini wa Malkia bado wanagawiwa ramu kazini. Raha gani hiyo.

Sasa njoo huku kwetu.

Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa: apate watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wanapelekwa kwenye visiwa vya Wafaransa, yaani Mauritius na Réunion za leo. Mwanzoni wengi waliishia kwenye kahawa na kazi nyingine, lakini karne ya 19 miwa ikateka visiwa vile karibu vyote. Na penye miwa pana molasi, penye molasi pana ramu. Kwa hiyo ukisikia ramu ya Mauritius inasifiwa, jua kwenye mizizi yake kuna mikono ya watu wa Kilwa, wa Msumbiji na wa Madagaska. Hilo shuleni halikukaziwa sana.

Ramu ya zamani ile ilikuwa mbaya. Inachoma, inanuka. Réunion wakapata dawa yake: unaiweka kwenye chupa kubwa, unatumbukiza maganda ya chungwa, matunda, mdalasini, vanila, unaiacha wiki au miezi. Wenyewe wanaiita rhum arrangé, maana yake kama ramu iliyowekwa sawa. Mpaka leo kila nyumba ina chupa yake na kila bibi anaapa ya kwake ndiyo yenyewe. Kwa hiyo kuchanganya ramu na ladha hakukuanzia kwenye ofisi ya kampuni ya matangazo. Watu wa kawaida jikoni walikuwa wanaokoa pombe mbaya.

Vanila sasa. Hapa ndipo penye stori yenyewe.

Mvanila asili yake ni Mexico. Wafaransa waliupeleka Réunion mwanzoni mwa karne ya 19, ukaota vizuri, ukatoa maua mazuri, lakini matunda hakuna. Tatizo ni kwamba ua la vanila lina kijingozi ndani kinachotenganisha dume na jike, na wadudu wa kuchavusha waliokuwa kwao Mexico huku hawapo. Wataalamu wa Ulaya walihangaika. Halafu mwaka 1841 mtoto wa miaka 12, mtumwa, jina lake Edmond, akachukua kijiti chembamba, akainua kile kijingozi, akabonyeza kwa kidole gumba. Basi. Sekunde chache tu. Tajiri wake alipotembelea shamba akakuta mvanila wake umezaa, hakuamini, mtoto akamwonyesha. Wenye mashamba wengine wakaanza kumwazima Edmond awafundishe watumwa wao.

Kisiwa kikatajirika. Edmond je? Utumwa ulifutwa Réunion mwaka 1848, akapewa uhuru na jina la ukoo, Albius. Hela ya vanila hakuiona. Alipata kazi za jikoni mjini, akafungwa kwa kesi ya wizi wa vito, akatoka kabla ya muda baada ya watu kumtetea kwa ajili ya kile alichokifanyia kisiwa. Kuna msomi mmoja Mfaransa mpaka alijaribu kudai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha! Edmond akafa mwaka 1880, maskini. Na mpaka dakika hii, mkulima wa vanila Kilimanjaro au Kagera anaamka asubuhi na kijiti chake, ua moja moja, maana ua linafunguka siku moja tu. Njia ni ile ile ya yule mtoto.

(Chupa nyingi za bei ya chini hazina vanila ya shambani lakini, ni harufu ya kiwandani. Ukiona tamu inakaa mbele ya ulimi halafu inakatika ghafla kama pipi, umeshajua.)

Karafuu nayo, ile unayoisikia kwenye ramu ya viungo, ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 ikitokea visiwa vile vile vya Wafaransa. Watu walienda, mche ukarudi, halafu watu wengine wakafanywa watumwa kuulima ule mche. Acha tu.

Na ukidhani haya ni mambo ya pwani, shuka kidogo kutoka Arusha hadi Arusha Chini, kusini mwa Moshi. Miwa mpaka macho yachoke. Shamba la TPC lilianzishwa na Wadenmaki mwaka 1930, baadaye likataifishwa, na mwaka 2000 likabinafsishwa kwa wawekezaji kutoka, subiri, Mauritius. Ile ile. Wachagga na Wapare walikuwa na dengelua yao ya miwa kabla ya yote hayo, ila hiyo inachachushwa tu, haitoneshwi.

Tuje kwenye glasi. Ramu ya nazi kama Malibu ina kilevi asilimia 21, ya viungo kama Captain Morgan ya dhahabu ni 35, sawa na Konyagi. Wengi wanazimwaga kwa kipimo kimoja kisa zote tamu, ndipo stori za "sijui nilifikaje nyumbani" zinapoanzia. Utamu unaficha ukali, hauupunguzi. Na kosa kubwa la kaunta nyingi ni kuchukua kitu kitamu na kukishushia na soda tamu, unapata sharubati ya mgonjwa. Ramu yenye ladha inataka uchachu au ukali. Ya viungo inakaa vizuri sana na Stoney Tangawizi na ndimu nzima iliyokamuliwa. Ya nazi ipe nanasi halisi, siyo ya boksi, na chumvi kidogo mno. Ya vanila jaribu na pesheni au ukwaju. Kipimo kimoja kwa vitatu, barafu ya kutosha. Hata dawa, ile ya Nairobi ya asali na ndimu ambayo watalii wa safari wanaiulizia kila hoteli Arusha, ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, pombe ya miwa. Kule Nairobi waliweka vodka. Ukiiweka ramu nyeupe unairudisha nyumbani.

Mwenye subira ajitengenezee. Ramu nyeupe ya asilimia 40, ganda moja la vanila ya Kilimanjaro lililopasuliwa katikati, karafuu mbili (tatu ni nyingi, itanuka dawa ya meno), kipande kidogo cha mdalasini, ganda la chungwa bila ile nyama nyeupe, kijiko cha sukari. Funga, weka kabatini penye giza, tikisa kila wiki. Miezi mitatu. Ukiifungua baada ya wiki moja utakunywa pombe kali yenye takataka ndani.