Mchepuo wa Binti wa Fundi Cherehani

Hapa Soni, mzazi wa rika la baba yangu hasemi alimchagulia mtoto shule. Husema mtoto "alichaguliwa". Mimi nilichaguliwa Januari 1975. Mwalimu mkuu alituita shuleni, akasoma majina manne kwenye karatasi ya taipu. Langu lilikuwa la mwisho, na kabla sijashangilia akamalizia: mchepuo wa sayansikimu.

Baba alikuwa fundi cherehani karibu na stendi, mabasi ya Mombo yanapopumzika kabla ya kupanda Lushoto. Madeni ya wateja aliyaandika ukutani kwa chaki, na mvua ya upepo ikiingia, deni limefutika. Ndiyo maana alitaka nisome mchepuo wa biashara. Alivaa kofia yake ya Ijumaa akamwendea mwalimu mkuu.

"Mwalimu, huyu binti anajua hesabu. Mpelekeni kwenye biashara."

"Mzee wangu, karatasi imetoka juu. Mimi nimepewa kuisoma tu."

Babu zake baba walikuwa na uchaguzi, ila wa namna nyingine. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na Vuga, mji wa watawala wa Usambara, akina Kimweri, mwaka 1895. Aliyempeleka mwanawe darasani alijua amempeleka na kanisani. Kwetu, Waislamu, wengi waliona heri mtoto abaki chuoni kwa maalimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyoziweka shule za dini mikononi mwa serikali, na kwa hilo nitaishukuru daima: nililala kwenye bweni lililojengwa na masista, nikaswali humo, wala hakuna aliyeniuliza ubatizo.

Michepuo yenyewe ilitokana na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sekondari zikagawiwa kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, ili anayeishia kidato cha nne arudi kijijini na ujuzi mkononi. Ifunda na Moshi zilijulikana kwa ufundi. Wazo lilikuwa zuri, nalitetea hadi leo. Kosa lilikuwa kumgawia mtoto ujuzi kama unavyogawa sare, na msichana hasa akapewa jiko na sindano bila kuulizwa.

Hata hivyo sindano ile ilinirudisha kwa baba. Yeye alikata kitambaa kwa macho. Likizo ya kwanza nilitandika gazeti kuukuu juu ya meza yake, nikachora mgongo, bega, mviringo wa kwapa, nikaongeza nafasi ya mshono, nikakata gazeti kwanza. Alilishika lile bega la karatasi, akalipima kwa futi mara mbili, halafu akalikunja na kuliweka chini ya mto wa kiti chake. Alilitumia hadi likachanika mikunjoni.

Baadaye uchaguzi ulirudi, ila kwa wenye ada. Mwaka 1989 Wabenediktini walifungua shule ya wasichana Mazinde Juu, na nimewaona wazazi wakiuza ng'ombe ili binti aingie shule ya bweni. Asiye na ng'ombe alisubiri karatasi kama baba.

Mwaka 2024 mjukuu wangu alikuja na simu. Serikali ilikuwa imeongeza tahasusi za kidato cha tano zikafika 65, na waliomaliza kidato cha nne waliruhusiwa kubadili machaguo yao kwenye intaneti. Mwaka huohuo mkondo wa amali nao ulianza sekondari. Nikasikia kilimo na ufundi vikitajwa tena, nikakumbuka lile bweni.

"Bibi, nibadili au niache?"

Nilimuuliza anapenda kufanya nini asipotumwa na mtu. Alinyamaza muda mrefu. Mtandao wa Soni nao ulikuwa unapotea na kurudi, basi tukatoka nje, tukasimama mahali unaposhika vizuri, nikamshikia mwavuli huku akifikiri.